Kahawa ndani ya bia nyeusi: punje, ya kuloweka, ya unga au ya birika?

Bia iliyotiwa kahawa tangu kiwandani ni nadra kuikuta kwenye friji za grosari za Dar es Salaam. Bia nyeusi ya kawaida, kwa upande mwingine, ipo karibu kila baa, na kahawa nzuri inayolimwa nchini haikosekani madukani. Kwa hiyo mnywaji wa hapa ana jambo moja la kuamua: kahawa iingie kwenye bia kwa njia ipi.

Njia zinazofanyika nyumbani bila mtambo wowote ni nne, na hazitoi kinywaji kimoja. Kama unatafuta harufu ya kahawa na hutaki uchungu uongezeke, loweka punje nzima ndani ya bia. Kama una wageni na unataka kila mtu ajipimie, tengeneza kahawa ya kuloweka kwa maji baridi. Kahawa ya unga inayoyeyuka inafaa kwa kujaribu tu, kabla hujanunua kilo ya kahawa kwa jambo ambalo huenda usilipende. Kahawa ya birika ya kijiweni ni tamu mno kwenye kikombe chake, na huko ndiko tungependa ibaki, kwa sababu tutakazozieleza.

Vipimo vya chupa moja ya mililita 500 ni hivi:

| Njia | Kiasi | Muda | Kinachotangulia mdomoni |
|---|---|---|---|
| Punje nzima ndani ya bia | gramu 4 (punje kama 30) | saa 8 hadi 12, kwenye friji | harufu, uchungu haba |
| Kahawa ya kuloweka kwa maji baridi | mililita 30 hadi 50 | saa 14 hadi 16 kuandaa, kisha papo hapo | kahawa waziwazi, ulaini |
| Kahawa ya unga inayoyeyuka | gramu 1 (nusu kijiko cha chai) | dakika 2 | sukari iliyoungua |
| Kahawa ya birika, iliyopoa na kuchujwa | mililita 20 hadi 30 | dakika 30 za kupoza | uchungu, ukakasi, tangawizi |

Chupa ikiwa ya mililita 330, weka theluthi mbili ya kiasi hicho.

Bia ya kuanzia

Weusi wa bia nyeusi na ladha yake ya kuungua hutoka kwenye shayiri iliyokaangwa. Guinness, ambayo ndiyo wengi hapa wanaifahamu, hutumia shayiri isiyooteshwa, iliyokaangwa hadi iwe nyeusi kabisa. Maana yake ni kwamba hata kabla hujatia chochote, kwenye glasi tayari kuna kitu kinachofanana na kahawa: uchungu wa kuungua na uchachu kidogo mwishoni. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Wanachukua kahawa iliyokaangwa sana, nyeusi tii, wakiamini cheusi kinaendana na cheusi, halafu wanashangaa kinywaji kimekuwa kama majivu.

Bia ikishakuwa na uchungu wa kuungua, kahawa inatakiwa ilete kile ambacho bia haina: harufu, utamu wa mbali, labda dalili ya tunda. Chagua kahawa iliyokaangwa wastani, yenye rangi ya kahawia iliyoiva na ngozi kavu. Punje zinazong'aa mafuta ziache. Mafuta hayo huvunja povu, na bia nyeusi isiyo na povu inapoteza nusu ya raha yake. Kahawa iliyokaangwa kidogo mno nayo ina lake: uchachu wake ukikutana na uchachu wa shayiri, mdomo unasoma siki.

Soma pia asilimia ya kilevi kwenye lebo. Bia nyeusi yenye asilimia 6 au zaidi ina uzito wa kubeba kahawa. Iliyo nyepesi, ya 4 na kitu, humezwa haraka, hivyo ianzie kwenye kipimo cha chini.

Kahawa ya wapi?

Tofauti kubwa ni kati ya aina mbili za kahawa, arabika na robusta. Arabika ya Kilimanjaro, na ile ya kusini kutoka Mbinga na Mbozi, kwa kawaida huoshwa: ganda na utelezi huondolewa kabla punje hazijakauka. Kahawa hutoka safi, yenye uchachu mzuri na harufu iliyo wazi. Robusta ya Kagera kwa sehemu kubwa hukaushwa ikiwa na tunda lake. Ni nzito, ya udongo, na ina kafeini karibu mara mbili ya arabika.

Kwa punje nzima tunachagua arabika bila kusita, kwa sababu njia hiyo inavuna harufu kuliko kitu kingine na robusta haina harufu nyingi ya kutoa. Kwa ya kuloweka, mchanganyiko wa robo tatu arabika na robo robusta unafanya kazi nzuri kwenye bia nyepesi: robusta inarudisha uzito ambao maji ya kahawa yameupunguza. Robusta tupu ndani ya bia nyeusi tunaiona ni kazi bure. Uchungu unapanda juu ya uchungu na hakuna kinachoshinda.

Angalia tarehe ya kukaangwa, acha ile ya mwisho wa matumizi. Punje zilizokaangwa siku 5 hadi 30 zilizopita ndizo zenye uhai. Unyevu wa Dar hauna huruma na kahawa iliyofunguliwa, kwa hiyo nunua mfuko mdogo, ufunge vizuri, na usiuweke karibu na jiko wala viungo. Kahawa hufyonza harufu za jirani, na bia yenye dalili ya bizari haimfurahishi mtu.

Punje nzima ndani ya bia

Hii ndiyo inayokaribia zaidi kinachofanyika viwandani, ambako punje hulowekwa kwenye bia iliyokwisha kuchachuka. Nyumbani tatizo ni gesi. Ukifungua bia na kuimwaga kwenye jagi la wazi usiku kucha, asubuhi una uji mweusi uliolala.

Suluhisho ni chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita. Iwe ya soda kweli, kwani ya maji ya kunywa ina plastiki nyembamba isiyotengenezwa kubeba msukumo wa gesi. Bora zaidi ni iliyokuwa na maji ya soda yasiyo na ladha, maana harufu ya chungwa au tangawizi haitoki kwenye plastiki hata uisugue vipi.

Anza kwa kupoza kila kitu: bia, chupa tupu na punje zenyewe, saa mbili kwenye friji. Hatua hii inaonekana ya ziada lakini ndiyo inayookoa meza. Uso wa punje una vishimo vingi vidogo, na kila kishimo ni mahali pa gesi kuanzia kutoka. Bia ya uvuguvugu ikikutana na punje kavu, povu linapanda shingoni na robo ya chupa inaishia sakafuni.

Weka punje 30 kwenye chupa ya plastiki. Iinamishe, mimina bia taratibu ikitelezea ubavuni, simama povu likipanda, endelea likishuka. Chupa yenye punje haitameza nusu lita yote, kwa hiyo kinachobaki kwenye chupa ya kioo kiweke kando: utakihitaji wakati wa kuonja. Kisha bonyeza chupa ya plastiki kwa vidole mpaka bia ifike mdomoni, hewa itoke, ndipo ukaze kifuniko. Baada ya saa moja chupa itakuwa imejijaza na kuwa ngumu. Ikibaki laini, kifuniko kinavuja.

Saa 8 zinatosha kupata harufu. Saa 12 ni kamili kwa wengi. Ukipita saa 24 unaingia eneo la hatari: harufu ya pilipili hoho mbichi. Kahawa ina aina ya kemikali ambazo ndizo zinazoipa hoho harufu yake, na ndani ya bia hujitokeza punje zikikaa muda mrefu, zikiwa zilikaangwa kidogo, au bia yenyewe ikihifadhiwa kwa wiki kadhaa. Ikishaingia haitoki. Hata baadhi ya bia za kahawa za kiwandani hupatwa nayo zikizeeka.

Wakati wa kumimina, fungua kifuniko robo mzunguko, acha gesi ilie, kaza, subiri, rudia. Punje zinaelea, kwa hiyo zitakuja mwanzo. Shika chujio la chai juu ya glasi iliyoinamishwa na umimine polepole. Usijaribu kusaga punje ili "zitoe zaidi". Kahawa iliyosagwa hutoa povu kali, huacha machicha, na ndani ya saa mbili tu imeleta uchungu ambao punje nzima zisingeleta hata asubuhi.

Ya kuloweka kwa maji baridi

Gramu 60 za kahawa iliyosagwa chenga kubwa, kama sukari ya mawe iliyopondwa, kwa mililita 480 za maji. Koroga mara moja, funika, weka kwenye friji saa 14 hadi 16. Chuja kwa chujio la chai kwanza, kisha kwa karatasi ya kuchujia kahawa au kitambaa cheupe kilichofuliwa bila sabuni ya manukato. Machicha hubaki na maji yapata mililita 120, hivyo utapata kama mililita 360: zinatosha chupa saba hadi kumi na mbili. Inakaa siku nne kwenye friji, baada ya hapo inaanza kuwa na ladha ya boksi.

Maji ni nusu ya kazi. Ya bomba yana klorini, na klorini kwenye kahawa baridi hutoa ladha ya hospitali. Ya kisima, katika sehemu nyingi za jiji, yana chumvi ya kuhisika. Tumia maji ya chupa ya kunywa na uondoe wasiwasi.

Kwa kupima, nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake. Ni kipimo cha bei ndogo na hakina ubishi. Weka mililita 15 chini ya glasi, kisha mimina mililita 250 za bia ikitelezea ubavuni. Kahawa ianze, bia ifuate. Ukifanya kinyume, kahawa inagonga povu, inalitoboa, na inabaki imeelea juu kama doa. Usikoroge, mmiminiko wenyewe unachanganya.

Onja, na kama unataka zaidi ongeza mililita 5 kwa wakati. Ukifika 25 kwenye glasi ya mililita 250 bia imeanza kushindwa. Wembamba unahisika kwanza, kwa sababu unaongeza maji: bia ya asilimia 6 ikipata mililita 40 kwa chupa ya mililita 500 hushuka hadi kama 5.6, na gesi nayo inapungua.

Udhaifu wa njia hii ni huo wembamba. Nguvu yake ni kwamba haikosewi kirahisi. Maji baridi hayavuni uchungu na ukakasi kama maji moto, kwa hiyo hata mtu wa mkono mzito anapata kitu kinachonyweka. Kwa mkusanyiko wa watu sita wenye ladha sita, hatuoni mshindani wake.

Ya unga, na ya birika

Kahawa ya unga kama Africafe yeyusha kwanza: nusu kijiko cha chai kwenye mililita 10 za maji baridi, koroga mpaka vidonge vyote viishe, kisha ipeleke chini ya glasi. Ukiinyunyizia juu ya bia moja kwa moja inalipuka povu na kuacha madonge. Ladha yake ni ya upande mmoja, sukari iliyoungua na mwisho mkavu, harufu ikiwa kidogo. Lakini ndani ya dakika mbili unajua kama wazo lenyewe la kahawa kwenye bia linakukaa au halikukai.

Kahawa ya kijiweni ni habari nyingine. Imesagwa laini, imechemka, na imeendelea kukaa juu ya mkaa, mara nyingi ikiwa na tangawizi. Kuchemka kumefukuza harufu nyepesi na kuvuna ukakasi, ule unaokausha ulimi. Kwenye kikombe kidogo na kipande cha kashata, ukakasi huo ndio raha yenyewe, sukari inaukata. Ndani ya bia hakuna cha kuukata. Ukitaka kujaribu, poza, chuja kwa karatasi, na anza na mililita 10 kwa glasi. Na chukua kahawa kwenye chupa ya chai uende nayo nyumbani. Chupa ya bia haina nafasi kwenye kijiwe ambacho nusu ya waliokaa wametoka msikitini.

Kuonja bega kwa bega

Glasi zote ziwe za aina moja, zilizooshwa na kusuuzwa mpaka harufu ya sabuni iishe. Mabaki ya sabuni na mafuta huua povu, kisha lawama zinaiendea kahawa. Mimina mililita 100 kila moja, na andika alama chini ya glasi ili anayeonja asijue ipi ni ipi.

Glasi moja iwe ya bia tupu. Bila hiyo utaisifu kahawa kwa ladha iliyotoka kwenye shayiri. Anza na bia tupu, nenda kwenye punje nzima, kisha ya kuloweka, ya unga, na ya birika mwisho. Uchungu ukitangulia, ladha hafifu zinazofuata hazisikiki tena.

Joto ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mhudumu akiuliza "baridi au moto?", kwa bia hii jibu liko katikati. Ikitoka kwenye friji ikiwa nyuzi 3 au 4 harufu ya kahawa imelala kabisa, unabaki na uchungu tu. Inafunguka kwenye nyuzi 8 hadi 12, na kwa joto la Dar glasi iliyoachwa mezani dakika kumi hadi kumi na tano inafika hapo yenyewe. Ya moto kweli, nyuzi 28, kilevi kinatangulia puani na gesi inakimbia.

Nusa kabla ya kunywa, mara mbili fupi. Uliza kama ni kahawa iliyotoka kukaangwa, majivu, au hoho. Kisha mkupuo mdogo, uzungushe, umeze, hesabu mpaka kumi. Hapo kwenye kumi ndipo njia hizi zinapoachana: ya punje inaacha harufu inayorudi kwa pua, ya kuloweka inaacha utamu wa mbali, ya unga imeshakwisha, ya birika imekausha ulimi. Rudia baada ya dakika kumi, bia ikiwa imepata joto. Glasi iliyoongoza mwanzo ikaanguka baadaye ilikuwa na kahawa nyingi mno.

Katikati tumia maji na mkate mkavu. Mishikaki ya pilipili isubiri, na kashata pia, maana sukari yake inaifanya kila bia inayofuata ionekane chungu.

Ukiletewa ya kiwandani

Ndugu akitoka safari na kopo, usiliweke miaka kama mvinyo. Harufu ya kahawa ndiyo inayotangulia kufa. Tafuta lenye tarehe ya karibuni na ulinywe ndani ya miezi michache. Founders Breakfast Stout ya Marekani ni nzito, asilimia 8.3, imetiwa oti (oats) na chokoleti pamoja na kahawa. Gawana na mtu. Guinness ilitoa yake ya kahawa mwaka 2021, ya asilimia 4, nyepesi na yenye povu la naitrojeni. Hizo mbili hazishindani: ya kwanza uisogeze karibu na chakula kitamu baada ya mlo, ya pili ni ya mchana.

Na laga?

Bia ya njano haina pa kuificha kahawa. Punje nzima za arabika iliyokaangwa wastani, 15 tu kwa chupa, saa 6, zinaweza kutoa kinywaji cha kushangaza chenye harufu ya kahawa na rangi isiyobadilika sana. Ya kuloweka inaigeuza laga maji ya rangi ya chai, na ya unga usithubutu.

Kafeini nayo iingie kwenye hesabu. Haipunguzi kilevi mwilini, inaficha tu usingizi wake, ndiyo maana mwaka 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watengenezaji waliokuwa wakiongeza kafeini tupu kwenye vinywaji vya kilevi vya makopo. Gramu 4 za punje nzima hutoa kidogo. Mililita 50 za ya kuloweka zinaweza kufika nusu ya kikombe cha kahawa au zaidi, na zikiwa na robusta kafeini inaongezeka. Chupa ya namna hiyo ifunguliwe kabla ya saa moja usiku, na bodaboda ya kurudia nyumbani iwe ya mtu mwingine.